Elder Scrolls: uanze na gemu ipi? Mwongozo kwa anayeingia Tamriel mara ya kwanza

Swali ni lile lile kila siku. Mtu kaona klipu ya jamaa anampigia mwenzake ukelele mpaka anarushwa bondeni, kaipenda, kaenda kuitafuta hiyo gemu, anakuta kumbe ni mfululizo mzima wa Elder Scrolls, ziko Arena, Daggerfall, Morrowind, Oblivion, Skyrim, halafu Online, halafu Oblivion tena yenye neno Remastered (ile ya zamani imetengenezwa upya), basi anarudi anauliza "sasa naanzia wapi, si lazima nianze ya kwanza ndo nielewe stori?" Kujibu kipande kipande kunachosha kwa hiyo nimeandika yote hapa, anayeuliza tena namrushia hii.

Jibu la mwenye haraka: ya kwanza usianze nayo. Wengi wenu anzeni na Skyrim Special Edition. Ila wengi sio wote, kuna mtu Skyrim itamchosha kwa wiki moja wakati Morrowind ingemnasa mwaka mzima, na kuna mtu ambaye kompyuta yake itamchagulia kabla hajachagua mwenyewe, ndo maana kuna hatua hapa chini.

Kuhusu stori usiwaze. Gemu zote ziko kwenye bara moja, Tamriel, lakini kila moja ina mkoa wake na mhusika wake mpya na kisa chake kinachoanza na kuisha humo humo. Kwenye hizi tatu kubwa, Morrowind, Oblivion na Skyrim, unaanza kama mfungwa asiyejua chochote, kwa hiyo kuelezwa mambo ni sehemu ya gemu yenyewe. Kutoka Morrowind mpaka Oblivion ni miaka 6 ya kalenda yao, halafu mpaka Skyrim imepita miaka kama 200, wengi wa wale wa zamani wameshakuwa majina ya kwenye vitabu. Basi, nadharia imeishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Taarifa za kompyuta yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, soma RAM na jina la kadi ya grafiki. Usiniambie "ni Core i5", i5 ziko za miaka kumi na tano.
- Nafasi na bando. Morrowind inataka kama GB 1 tu, Oblivion ya 2006 kama GB 5, Skyrim Special Edition GB 12, Oblivion Remastered GB 125. Ndiyo, mia na ishirini na tano, hujasoma vibaya.
- Akaunti ya Steam au GOG (maduka ya gemu ya mtandaoni) kama uko kwenye kompyuta. Wa konsoli, diski au duka la konsoli yako.
- Kiingereza cha kusoma. Hakuna iliyo na Kiswahili. Oblivion na Skyrim watu wanaongea kwa sauti na unaweza kuwasha maandishi chini, ila Morrowind karibu mazungumzo yote ni ya kusoma, ni kama kusoma riwaya huku unatembea.
- Daftari na kalamu, kwa atakayeangukia Morrowind. Sitanii.
- Pedi ya kuchezea gemu sio lazima. Skyrim ni tamu kwa pedi, Morrowind ya kompyuta ni kibodi na mausi.

Hatua

1. Acha mashine iseme kwanza

Kabla ya kuuliza gemu ipi nzuri uliza ipi itawaka. Laptopu ya zamani yenye RAM GB 2 au 4 na hamna kadi ya grafiki ya maana, hapo ni Morrowind au Oblivion ya 2006, na hujapunjwa, Morrowind ilitoka 2002 ikiomba RAM ya MB 256 kwenye Windows XP. Ukiwa na GB 8, Skyrim Special Edition inaingia, na hata grafiki za ndani za laptopu za miaka ya karibuni nyingi zinaisukuma kwa 720p ukishusha setingi zote. Oblivion Remastered achana nayo kabisa kama huna RAM GB 16 na kadi ya kiwango cha GTX 1070 Ti, na hicho ndicho cha chini, kwa mateso. Ukitaka iende vizuri wenyewe wanapendekeza GB 32 na RTX 2080.

Konsoli ni rahisi zaidi: PS4, Xbox One na Switch ni Skyrim. PS5 na Xbox Series una Skyrim na Oblivion Remastered. Mwenye PS3 au Xbox 360 anazo Oblivion na Skyrim zote mbili, ila Skyrim ya PS3 inajulikana kuwa nzito kadiri faili lako la kusevu linavyokua, hapo bora Oblivion.

2. Ondoa zisizokuhusu

Arena ni ya 1994, Daggerfall ya 1996, zote bure kwenye Steam, na hapo ndo mtego ulipo, mtu anaona bure na anaona ndo za mwanzo anasema nianze hapa. Daggerfall ina ramani ambayo watengenezaji wenyewe wanailinganisha na kisiwa kizima cha Uingereza, sehemu kubwa imepangwa na kompyuta na sio mkono wa mtu, na pango lake la kwanza tu limewashinda watu kibao. Utakuja kuicheza siku umeshanogewa, na siku hiyo tafuta Daggerfall Unity, ni bure pia, mashabiki wameijenga upya na inachezeka kama gemu ya sasa. Leo hapana.

The Elder Scrolls Online nayo weka pembeni. Sio mbaya, ila ni ya mtandaoni muda wote, seva zake ziko Ulaya na Marekani kwa hiyo ukiwa Dar au Nairobi kuchelewa kwa mtandao utakuona, na imejaa miji na vita vya pande zote kwa pamoja kiasi kwamba mgeni hajui ashike lipi. Ukiianza ukadhani ndo Elder Scrolls zilivyo umezionea nyingine.

Na Elder Scrolls ya sita usiisubiri. Ilitangazwa Juni 2018 kwa klipu fupi ya milima, tarehe ya kutoka haijatajwa mpaka naandika haya.

Zimebaki tatu.

3. Jiulize maswali haya na usijidanganye

Moja, ukipewa kazi "nenda kusini mpaka daraja, kata kushoto kwenye mwamba mkubwa, mlango uko nyuma ya kilima", unafurahi au unakasirika kwa nini hakuna mshale? Pili, ukimpiga adui upanga umemgusa kabisa kwa macho halafu gemu inakwambia umekosa, utavumilia mpaka mhusika wako ajifunze, au utafunga kompyuta? Tatu, unataka stori ya kukushika mkono au unataka kuzurura tu porini uone kuna nini?

Unayefurahi kwenye la kwanza na kuvumilia kwenye la pili, wewe ni wa Morrowind na usikubali mtu akutishe. Unayekasirika kote kuwili ni wa Skyrim. Unayetaka stori za vyama, mauaji ya siri, wizi, watu wa ajabu ajabu wanaoongea vituko, Oblivion inakusubiri.

4. Chagua moja

*Skyrim* (2011). Theluji, majoka, vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakuna kuchagua darasa (aina ya mhusika, kama mpiganaji au mchawi) mwanzoni, unachokifanya ndicho unachokuwa hodari nacho, ukipiga mishale unakuwa mpiga mishale. (Na utakuwa mpiga mishale wa kunyata, kila mtu anaishia hapo, hata aliyeapa atakuwa mchawi.) Ndiyo gemu rahisi kuingia kuliko zote na ndiyo yenye watu wengi wa kukusaidia ukikwama. Udhaifu wake: misheni nyingi ni pango lile lile, maiti wale wale wanaoamka, sanduku mwishoni, toka. Baada ya masaa mengi utaona.

*Oblivion* (2006). Nchi ya kijani, misitu, mji mkuu wenye mnara mweupe katikati. Mimi nasema ndo yenye misheni bora kwenye mfululizo mzima, chama cha wauaji peke yake kinatosha kuinunua, kuna kazi unafungiwa kwenye nyumba moja na wageni watano ambao wanadhani wanatafuta hazina na wewe ndo muuaji wao. Sasa shida yake: maadui wanapanda levo na wewe. Unajijenga wee unadhani umekuwa mbabe, unatoka barabarani unakuta jambazi wa kuomba sarafu 100 amevaa deraya ya kioo yenye thamani kuliko nyumba. Kwenye ile ya 2006 ukipandisha levo ovyo unaweza kujikuta unazidi kuwa dhaifu. Ile Remastered, iliyotoka 22 Aprili 2025, imerekebisha sana upandaji wa levo, unapewa pointi unagawa unavyotaka, na unaweza kukimbia mbio. Mwenye mashine nzito anaweza kuanza na hii kabla ya Skyrim na hakuna atakayemcheka.

*Morrowind* (2002). Uyoga mrefu kama minazi, dhoruba za majivu, watu wanaokuita mgeni kwa dharau mpaka ujithibitishe. Hakuna gemu nyingine kwenye mfululizo inayokufanya ujisikie uko ugenini hivi. Haikuzuii kitu, unaweza kumuua hata mtu muhimu wa stori, itakupa ujumbe tu kwamba uzi wa unabii umekatika, urudie uliposevu au uendelee kuishi kwenye dunia uliyoiharibu. Naipenda kuliko zote na bado simpendekezei kila mtu.

5. Nunua toleo sahihi

Hapa watu wanapoteza hela. Skyrim chukua Special Edition ya 2016. Anniversary Edition ya 2021 ni hiyo hiyo imeongezewa vitu vingi vya ziada, na kwa anayeanza vile vitu vinakuja vimerundikana, bado hujui kushika upanga unaletewa barua na misheni za ajabu kila upande. Ukinogewa utalipia nyongeza baadaye, haiozi. Morrowind na Oblivion ya zamani chukua Game of the Year Edition ambayo ina nyongeza zake kubwa ndani, Tribunal na Bloodmoon kwa Morrowind, Shivering Isles na Knights of the Nine kwa Oblivion. Remastered nayo inazo hizo mbili.

Usinunue kwa bei kamili kama huna haraka, hizi za zamani zinashuka sana kwenye mauzo ya Juni na Desemba.

Onyo: za bure zilizopakiwa na watu kwenye tovuti za ajabu huwa zimekatwa katwa, sauti hakuna, na mara nyingi zimebeba virusi. Unaokoa hela kidogo unapoteza laptopu.

6. Daunlodi kwa akili

Kama una rafiki mwenye gemu hiyo hiyo kwenye Steam, kaeni kwenye Wi-Fi moja, Steam ina setingi ya kuhamisha faili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa mtandao wa ndani bila kuvuta zote intaneti. Lazima wote muwe mmenunua, ila bando linapona. Ikishaingia, ifungue mara moja ukiwa na intaneti, ndo uweke Steam kwenye hali ya nje ya mtandao. Ukiruka hiyo, siku bando limekata utashangaa haifunguki.

7. Setingi kabla ya kubonyeza gemu mpya

Washa maandishi ya mazungumzo. Weka mwanga uone mapangoni. Ugumu acha wa kawaida, sifa za kuweka wa juu kabisa siku ya kwanza hazikusaidii. Usiweke modi yoyote (mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na mashabiki), hata moja, hata ukiambiwa "bila hii haichezeki". Ipo wapi raha ya kuirekebisha gemu ambayo hujaiona? Aliyeweka modi 80 siku ya kwanza ndo huyo huyo anayeuliza kwa nini inajizima. Ruhusa ni moja: OpenMW kwa Morrowind, ni injini mpya ya bure inayotumia faili za gemu uliyonunua, inaendesha vizuri kwenye Windows za sasa, Linux, mpaka simu za Android.

Na kusevu: kwenye zote tatu F5 inasevu haraka, F9 inarudisha. Lakini F5 inaandika juu ya ile ile, kwa hiyo kila ukimaliza jambo ingia menyu usevu mpya kabisa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika faili unaweza kubaki na faili bovu, ukiwa na la pili unacheka.

8. Masaa mawili ya kwanza

*Skyrim:* unaamka kwenye mkokoteni umefungwa mikono, fuata mkumbo mpaka utoke pangoni. Ukishuka njia ya Riverwood kuna mawe matatu yamesimama pamoja, gusa linalofanana na unavyotaka kucheza. Ukifika kijijini ongea na mwenye duka aliyeibiwa ukucha wa dhahabu, hiyo kazi inakupeleka Bleak Falls Barrow ambako utajifunza gemu nzima. Ndani kuna nguzo tatu za kuzungusha na nyenzo ya kuvuta. Usivute kwanza! Wageni wote wanavuta, wanakula mishale ya sumu. Angalia juu ukutani kuna picha, na moja imedondoka chini. Mbele kuna mlango wenye duara tatu na watu wanakwama hapo nusu saa, wakati jibu limechorwa kwenye ukucha wenyewe, ufungue kwenye mzigo wako uugeuze uangalie kiganja chake.

*Oblivion:* kabla hujatoka kwenye mifereji, gemu inakuuliza kama unataka kubadilisha kabila na darasa. Sevu hapo na uliweke faili hilo milele, siku ukitaka mhusika mwingine hurudii gereza lote. Nenda mji wa Kvatch mapema, stori kuu itakupeleka huko, ukichelewa mpaka levo za juu, maadui wa pale wanakuwa wakali na askari wanaokusaidia wanakwisha.

*Morrowind:* kama hujui uchague nini, chukua kabila la Redguard, weka Long Blade (upanga mrefu) kwenye ujuzi mkuu, nyota ya Warrior, na utumie upanga mrefu, sio kisu ulichookota mezani. Halafu angalia mstari wa kijani, ndo pumzi yako. Ukikimbia unaisha, na ukiwa umeisha upanga wako haugusi mtu. Mgeni anamkimbilia kaa wa ufukweni kwa mbio, anafika hana pumzi, anapiga hewa mara kumi, kaa anamuua, anaandika kwamba gemu mbovu. Tembea hatua za mwisho, simama kidogo, ndo upige. Seyda Neen, kijiji unachoanzia, ukimaliza usiende mji wa Balmora kwa miguu, panda yule mdudu mkubwa anayebeba abiria, nauli ni ndogo. Ila ukiamua kutembea njia ya kaskazini utaona mtu anaanguka kutoka angani. Hati alizonazo chukua, usizisome kabla ya kujiuliza kwa nini ameanguka.

9. Kaa au rudisha

Steam inarudisha hela kama hujapita siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya masaa mawili. Weka alamu. Ukifika saa moja na dakika arobaini jiulize kama unataka kuendelea kesho. Skyrim ikikuchosha ndani ya muda huo, saa la tatu halitakuja kukupendeza kwa kulazimisha. Morrowind ndo tofauti, masaa mawili yake ya kwanza ni magumu kwa kila mtu, ukisikia hata hamu kidogo ya kujua kuna nini nyuma ya kilima, baki.

10. Inayofuata

Ukianza Skyrim, nenda Oblivion halafu Morrowind, kurudi nyuma hatua moja moja kunauma kidogo kuliko kuruka. Ukianza Morrowind songa mbele tu, na nyongeza ya Dragonborn ya Skyrim utaiona kwa jicho lingine kabisa, inakurudisha Solstheim, kisiwa kile kile cha Bloodmoon. Onyo la mwisho la stori: Skyrim inataja wazi mambo yaliyoipata nchi ya Morrowind baadaye. Haiharibu utamu ila ujue.

Ukikwama

*Mkokoteni wa mwanzo Skyrim unaruka ruka na kupinduka.* Skrini yako ni ya zaidi ya Hz 60 na fizikia ya gemu inafuata idadi ya fremu. Funga fremu kwenye 60 kupitia setingi za kadi yako, anza upya.

*Laptopu ina kadi nzuri lakini gemu inakwama kwama.* Huenda inatumia grafiki za ndani. Setingi za Windows, sehemu ya grafiki, ichague gemu uipe kadi kubwa.

*Inajizima ikifunguka.* Kwenye Steam bonyeza gemu kulia, nenda kwenye faili zilizowekwa, uzikague upya. Mara nyingi daunlodi ilikatika katikati.

*Mhusika anatembea kama kobe.* Umebeba kupita uwezo. Tupa ndoo, sahani na majembe, najua umebeba.

*Morrowind nimepotea.* Fungua jonali (daftari la kazi zako ndani ya gemu), soma maelekezo yote neno kwa neno, rudi kwenye kibao cha njia panda cha mwisho ulichokiona. Ukitumia video ya kuonyeshwa njia kwa kila kazi, bora ungechukua Skyrim.

*Oblivion maadui hawafi.* Shusha kitelezi cha ugumu, hakuna anayekuona. Kwenye ile ya zamani kusogeza kidogo tu kunabadilisha sana, kwa hiyo usikivute mpaka mwisho kwa mara moja.

*Nina misheni 40 sijui nifanye ipi.* Zima alama zote kwenye orodha, acha moja ya mji ulipo sasa hivi.